Jiwe la Mshale Katika Kibuyu cha Mbegu

Kosa langu la kwanza katika kazi ya mawe lilikuwa kuliita jiwe la bunduki kichwa cha mshale. Lilikuwa dogo, la kijivu, lenye pembe nne, na nililiokota kwenye mtaro wa reli chini ya Kilakala. Kwa kuwa lilikuwa zuri kuliko vipande vyote vyeupe nilivyokuwa nimeokota mpaka siku hiyo, nililipangusa kwa kanga ya shangazi yangu, nikaliweka katikati ya kisanduku juu ya pamba, na chini yake nikaandika kwa herufi nilizojifunza mwenyewe: MSHALE WA KALE SANA. Bwana wangu, Mdachi aliyekuwa akipima njia ya reli, akalipeleka bomani kuwaonyesha wenzake. Mmoja wa waliolitazama alikuwa efendi wa askari, Msudani mwenye ndevu nyeupe, ambaye alilishika kwa vidole viwili, akalinusa, akacheka mpaka kofia ikamtoka. "Hili ni jiwe la gumegume," alisema. "Mawe haya nimeyafunga kwenye bunduki kabla kijana huyu hajazaliwa." Bunduki za gumegume hazikuwa na risasi za shaba kama zile za askari. Zilikuwa na taya mbili ndogo za chuma zinazobana jiwe. Ukivuta, taya zinaanguka, jiwe linagonga chuma, na cheche zinaingia kwenye baruti. Na kwa kuwa watu humwita gumegume vilevile mtu asiyefaa kitu, jina hilo likanikaa. Wapishi, wachukuzi, watoto wa sokoni, wote waliniita Gumegume, na mimi nikaitikia.

Nayakumbuka haya kwa sababu mwezi uliopita tumemzika Bi Hawa, juu ya Bigwa, kwenye mteremko alikozaliwa. Nilipanda kwa fimbo, nikapumzika kila penye kivuli, na nilipofika kijana mmoja wa ukoo wao alinishika mkono kwa adabu, akasema, "Shikamoo babu. Wewe ulijuana vipi na bibi yetu?" Nikamwambia tulijuana bomani wakati wa Mdachi. Akacheka kidogo, akidhani mzee anatania msibani. Sikutania. Ya wazazi wangu na utoto wangu nayaacha, hayana nafasi humu. Nitasema habari za mwaka mmoja tu, mwaka reli ilipokaribia Morogoro, wakati vita vya Maji Maji vilikuwa vimezimwa lakini watu bado wakizungumza kwa sauti ya chini.

Nilikuwa nikikaa kwa shangazi yangu, Bi Zuhura, karibu na mto. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili vilivyotengwa kwa ukuta wa fito na udongo, na ukuta ule ulikuwa umepasuka kiasi kwamba nikiwa nimelala upande wangu nilisikia kila neno la upande wa pili. Huko ndiko shangazi alikowauzia watu wa reli vitumbua na maharage ya nazi. Waliingia na vumbi jekundu miguuni, wakala wakichuchumaa, wakamsema msimamizi, wakasema wake zao, wakasema njaa ya kusini walikotoka. Mimi nilikuwa na kijungu changu cha maharage na taa ya kibatari, na mbele yangu vipande vya mawe juu ya jamvi. Shangazi alikuwa akifungua pazia, ananitazama, anatikisa kichwa. "Wewe Shabani, umeshiba?" Nami nikajibu, "Huenda." Hapo aliwageukia wateja wake. "Mmemsikia? Tumbo ni lake mwenyewe, na bado hana hakika!" Walicheka wote. Lakini ndivyo nilivyokuwa tangu siku ya kosa lile. Neno ndiyo nililiogopa. Niliona kwamba mtu akisema ndiyo amefunga mlango, na mimi sikutaka tena kufungiwa nje.

Bwana wangu watu walimwita Bwana Kokoto, kwa sababu kila alipofika kituo cha kupimia aliinama kwanza kutazama chini. Hakunifundisha kitu. Alinipa visanduku, akanionyesha ghala la bati nyuma ya nyumba yake, akasema, "Panga," akaondoka na vyombo vyake vya kupimia. Ghala lilinuka mafuta ya taa na karatasi mbichi, na mchana lilikuwa tanuri. Nilipanga kwa rangi, nikavuruga. Nikapanga kwa urefu, nikavuruga. Baada ya kosa langu nikaona njia moja tu ya kujua jiwe limechongwa kwa nini, nayo ni kulichonga mimi mwenyewe. Mawe ya kwetu ni meupe na magumu, yanapasuka ovyo, basi nikachukua vitako vya chupa za bia zilizotupwa kambini. Nilivifunga kwenye kipande cha ngozi, nikabonyeza ukingo kwa ncha ya pembe ya swala mpaka kigae chembamba kinaruka. Nilijikata kila siku. Shangazi alinipaka masizi kwenye vidole na kunitukana. Lakini baada ya miezi vidole vilijua jambo ambalo macho hayakuwa yamelijua: kwamba kuchonga ncha ni rahisi, hata mtoto anaweza, kazi iko kwenye kitako. Kichwa cha mshale lazima kikae ndani ya ufa wa kijiti, kwa hiyo kitako chake lazima kipunguzwe unene upande huu na upande ule, na hapo ndipo chupa zangu zilipokatika, moja baada ya nyingine, kazi ya asubuhi nzima ikawa vipande viwili.

Ndipo nikaanza kuona aina moja katika visanduku, ndogo kama pingili ya kidole, kingo zake zina meno madogo kama ya msumeno, na kitako kimepigwa pengo katikati kikaacha mikia miwili. Hakuna aliyeniambia jina lake, basi nikaiita mbayuwayu. Walikuwa wachache sana, na wengi wao wamevunjika. Niliwatenga kwenye kisanduku chao, na kila siku kabla ya kufunga ghala niliwafungua tena nikitafuta aliyeingia kwa makosa. Nilimtoa mmoja, nikamrudisha, nikamtoa tena. Sasa nikiwa mzee naona kwamba haikuwa bidii. Ilikuwa hofu iliyovaa nguo za bidii, na mimi nilijivunia nguo zile.

Jioni moja nilikuwa nyuma ya ukuta wangu na watu wa reli walikuwa wakila kimya kuliko kawaida. Kisha mmoja akasema, "Wamemshika Kobelo wa kule juu Bigwa."

"Kafanya nini?"

"Askari walikuwa wanapekua magobore. Wamefungua kibuyu cha mbegu nyumbani kwa dada yake, wamekuta jiwe la gumegume."

"Na bunduki?"

"Bunduki hawajaiona. Ndiyo maana wamemchukua. Wanaitaka."

"Na asipoitoa?"

Kulikuwa na mti mmoja upande wa pili wa boma ambao wakati ule hakuna mtu aliyepumzika chini yake, kwa ajili ya waliotundikwa hapo. Shangazi akasema, "Kuleni, vitumbua vinapoa," na sauti yake ilikuwa imebadilika. Mmoja akajaribu kuleta utani: "Wamuulize Gumegume wetu, si ndugu yake jiwe hilo?" Wakacheka kidogo, kwa kujilazimisha. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaona mbele: Bwana Kokoto alikuwa amekwenda upande wa Kilosa na mahema yake, na bomani kote hakuna mwingine aliyejulikana kwa mawe.

Askari alikuja kunichukua siku ya pili, mchana. Bwana Mkubwa wa boma alikuwa ameketi barazani, mezani mbele yake limewekwa jiwe, na efendi, ambaye alikuwa ameshasema ni la bunduki, amesimama nyuma ya kiti. Chini uani, kwenye jua, kulikuwa na wafungwa wa mnyororo wamechuchumaa, na wa mwisho, mwenye jeraha bichi la mnyororo shingoni, alikuwa Kobelo. Alikuwa mtu mnene wa mabega, wa mikono ya shamba. Nilipopita karibu naye alisema polepole, bila kuinua uso, "Ndugu yangu, ndiye wewe wa mawe? Mimi jiwe lenyewe nililiona siku ile walipolitoa."

Bwana Mkubwa alisema Kiswahili cha amri, kila neno limekatwa peke yake. "Wewe unajua mawe. Hili la bunduki au la mshale?"

Nililitazama na moyo ukaanguka. Halikuwa jeupe. Lilikuwa la kijivu, laini kama nta, rangi ileile iliyonidanganya mara ya kwanza. Ncha yake ilikuwa imekatika zamani, kwa hiyo ukilitazama kwa haraka lilionekana la pembe nne. "Bwana Mkubwa, huenda..."

"Sitaki huenda."

Efendi aliinama akasema, bila ubaya, kama mtu anayetoa taarifa, "Huyu ndiye aliyelilaza jiwe la bunduki kwenye pamba."

"Najua," akasema Bwana Mkubwa. Akanisukumia jiwe. "Peleka, linganisha na ya bwana wako. Kesho asubuhi shauri. Ukisema mshale na si mshale, wewe viboko hamsa ishirini, yeye kamba. Ukisema bunduki, wewe nenda nyumbani."

Nimelifikiria neno hilo la mwisho kwa miaka mingi. Hakunitisha niseme uongo. Alinionyesha tu mlango uliokuwa wazi. Kusema bunduki kusingenigharimu kitu. Hakuna ambaye angenilaumu, maana efendi mwenyewe, aliyeshika bunduki zile maisha yake yote, alishasema hivyo. Na mimi niliyekuwa naogopa kukosea kuliko kufa, nilitoka pale nikiwa na njia moja ya kukosea bila mtu yeyote kujua.

Ghalani nilifungua mlango wote ili mwanga uingie, askari akakaa kizingitini na bunduki yake magotini. Nililiweka jiwe kando ya mbayuwayu. Kingo zake zilikuwa na meno, yamesagika lakini yapo. Kitako kilikuwa na pengo, limejaa uchafu mweusi. Nilipolisafisha kwa mwiba mikia miwili ikatokea. Nikalipitisha katikati ya kidole gumba na cha shahada, nikiwa nimefumba macho, na vidole vikakuta kitako kimepunguzwa unene pande zote mbili, vigae vidogo vimeondolewa kimoja kimoja, kazi ileile iliyonivunjia chupa zote zile. Hakuna fundi wa mawe ya bunduki anayejisumbua hivyo; yeye anataka kitako kinene ili taya zibane. Nilijua. Kwa mara ya kwanza mwaka ule nilijua kitu. Nikacheka peke yangu, askari akageuka kunitazama. Kisha nikaliinua tena kwenye mwanga nikaona, ubavuni, karibu na katikati, mstari mwembamba unaong'aa rangi ya risasi. Nikaukwangua kwa kucha haukutoka. Ulikuwa chuma. Jiwe lile lilikuwa limegonga chuma, tena si mara moja.

Nilirudi kwa shangazi, askari akinifuata. Jikoni nilimkuta mwanamke aliyenizidi umri kidogo, mwenye mtoto mgongoni, ameshika bakuli la ndizi za kupika zilizofunikwa kwa jani. Shangazi alinivuta kando. "Huyu ni Hawa, dada yake Kobelo. Amempelekea kaka yake chakula, wamemfukuza. Msikilize." Kisha akatoka na sahani ya vitumbua, akaenda kuketi mlangoni na askari, nikamsikia akianza kumuuliza habari za mama yake kwa sauti kubwa makusudi. Askari alikuwa amejaza mdomo. Alijibu hm, hm.

Hawa alisema, "Kaka Shabani, jiwe ni la kwetu wanawake. Mama alipewa na mama yake, na huyo kwa mama yake. Linakaa kwenye mbegu. Kobelo mwanamume, angelijulia wapi? Nimewaambia askari, wakasema mwanamke nyamaza."

"Dada, mnalifanyia nini?"

"Si nimekwambia, linakaa kwenye mbegu."

"Lina alama ya chuma."

Alimtikisa mtoto ingawa hakuwa analia. Kisha akasogea karibu kabisa, nikasikia harufu ya moshi kwenye kanga yake. "Siku ya kwanza ya kupanda, kabla hujatia jembe, unawasha moto pembeni ya shamba. Huo moto hauchukuliwi jikoni. Unagonga jiwe hilo kwa chuma cha jembe bovu, mpaka nyasi zishike. Ukishaota moto, unalirudisha kwenye mbegu, unapanda. Ndivyo tulivyokuta."

"Kumbe linatoa cheche."

"Linatoa vizuri sana," akasema, na kwa nukta moja kulikuwa na fahari usoni mwake. Kisha ikazimika. "Lakini usiseme. Ukiwaambia linatoa moto, umemnyonga kaka yangu kwa mikono yako. Sema ni mshale, basi. Si kweli ni mshale?"

"Ni mshale."

"Basi ishia hapo."

Nilimwambia huenda, nadhani. Ndilo neno nililokuwa nalo. Alinitazama kama mtu aliyepewa kikombe kitupu, akachukua bakuli lake akaondoka. Shangazi aliponiletea chakula sikukigusa. Nilijaribu kujisadikisha kwamba kuacha jambo si kusema uongo. Nilijaribu pia kujisadikisha kwamba kuwaambia kila kitu ni uaminifu. Yote mawili yalionekana safi, na yote mawili yalinuka nilipoyakaribia.

Asubuhi baraza lilikuwa limejaa. Watu wa Bigwa walikuwa wameshuka na kusimama nyuma, wanawake upande mmoja, na Hawa mbele yao. Kobelo aliletwa bila wenzake wa mnyororo, mikono nyuma. Bwana Mkubwa aliwasha biri. "Sema."

"Ni kichwa cha mshale, Bwana Mkubwa. Cha watu wa kale. Kitako chake kimepunguzwa ili kiingie kwenye kijiti. Jiwe la bunduki halipunguzwi."

"Una hakika?"

Nikafungua mdomo. Sijui kueleza jinsi neno moja linavyoweza kuwa zito. "Ndiyo," nikasema. "Nina hakika."

Minong'ono ikapita nyuma yangu. Lakini efendi alikuwa amelichukua jiwe na kulisogeza juani, na kidole gumba chake cha kizee kikatambaa ubavuni, kikasimama palepale nilipoogopa. "Na hii ni nini?"

Ningeweza kusema ni kutu ya udongo. Ningeweza kusema sijui. Nani angeshangaa Gumegume asipojua? Nilimwona Hawa amejifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Nikasema, "Ni chuma, Efendi. Linagongwa kuwasha moto wa shamba siku ya kupanda."

Kilio kilisikika kutoka upande wa wanawake. Kobelo alifumba macho. Bwana Mkubwa alitoa biri mdomoni. "Basi linatoa moto."

"Linatoa, Bwana Mkubwa. Lakini haliwezi kukaa kwenye bunduki." Sauti yangu ilikuwa imepanda juu kama ya mtoto. "Kitako ni chembamba na tumbo ni nene. Taya hazitapata pa kushika. Zipo bunduki ghalani mlizonyang'anya. Efendi ajaribu yeye, si mimi."

Nilisema hivyo kabla sijafikiri, na nilipokwisha kusema ndipo hofu ilipofika. Sikuwa nimewahi kufunga jiwe kwenye bunduki. Nilikuwa nimeweka shingo ya mtu juu ya jambo nililolijua kwa vidole tu, kwenye vitako vya chupa.

Efendi alimtazama bwana wake, akaitikiwa kwa kichwa. Bunduki ikaletwa, kuukuu, mti wake umefungwa kwa waya. Aliifuta, akafungua taya, akakunja kipande cha ngozi akakizungushia jiwe kama afanyavyo mtu aliyeifanya kazi hiyo mara nyingi, akakaza. Alivuta. Taya zikaanguka, sauti ikasikika kama ya meno yanayogongana, na jiwe likapinda upande bila cheche. Akalitengeneza. Sasa aliligeuza, mikia mbele. Akavuta, na jiwe likachomoka, likaruka juu ya ngazi, likaangukia vumbini karibu na miguu ya Kobelo. Hakuna aliyethubutu kuliokota ila efendi mwenyewe, aliyeshuka taratibu, magoti yakimlia. Mara ya tatu alikaza kwa nguvu zake zote, mishipa ya mkono ikamtoka, na tukasikia tiki ndogo. Mkia mmoja wa jiwe ulikuwa umekatika. Hawa alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu mzima.

Efendi aliweka bunduki chini. Angeweza kukaa kimya, maana ni yeye aliyesema kwanza kwamba ni la bunduki. Alisema, "Bwana Mkubwa, jiwe hili halikukatwa kwa ajili ya bunduki. Nilikosea." Kisha akanigeukia. "Leo umepona, Gumegume."

"Mfungueni," akasema Bwana Mkubwa. Hivyo tu, kama anayeagiza chai. Walimfungua Kobelo, naye akabaki amesimama na mikono nyuma kana kwamba kamba bado ipo, mpaka mjomba wake akaja akamshika bega. Kama kweli alikuwa na gobore mahali fulani mlimani, sijui hata leo. Sikuulizwa hilo.

Laiti shauri lingeishia hapo. Lakini Bwana Mkubwa alikuwa ameliinua jiwe na kulitazama kwa jicho jipya. "La zamani kiasi gani?" akauliza, na sauti yake haikuwa ya amri tena. Ilikuwa sauti ya mtu anayeuliza mwenzake. Mimi, ambaye mwaka mzima hakuna aliyeniuliza kitu ila kwa kunicheka, nilifunguka kama gunia lililokatwa kamba. Nilimwambia ni la zamani kuliko mji, kuliko mashamba yote haya. Nilimwambia wa aina yake tunao wachache, wote weupe, wote wabaya kuliko hili. Nilimwonyesha meno ya ukingo, jinsi yalivyolingana. Nilimwambia jina nililolipa, mbayuwayu, naye akalirudia na kutabasamu. Nilisema kwamba katika visanduku vyote vya Bwana Kokoto hakuna linalolifikia. Nilisema hivyo kwa furaha. Nilikuwa na hakika, na hakika ilikuwa tamu mdomoni mwangu, na sikutaka kuimeza.

Bwana Mkubwa alitoa kitambaa mfukoni, akalifunga jiwe pamoja na kile kipande cha mkia. "Litakwenda Ulaya," alisema. "Kwenye nyumba ya vitu vya kale. Umefanya vizuri." Akaingia ndani.

Nilisimama pale. Watu walikuwa wanashangilia uani, Kobelo amezungukwa. Hawa peke yake alipanda ngazi, akanijia, mtoto amelala mgongoni. Nilimngojea anitukane kwa kusema habari ya moto. Hakuitaja. "Kaka yangu nimempata," alisema. "Mungu akulipe kwa hilo." Akatazama mlango lilikoingia jiwe. "Bwana Mkubwa angedhani ni jiwe la ovyo tu, angelitupa jalalani, ningeliokota. Wewe umemwambia ni zuri." Aliongea polepole, bila hasira, kama anayejaribu kuelewa njia iliyompoteza. "Mvua zinakuja. Mama akiniuliza nimwambie nini?"

Nilimwambia nitamwomba Bwana Kokoto akirudi. Nilimwomba. Alinipiga mgongoni kwa furaha, akasema jiwe limeshashuka pwani na kwamba ametajiwa jina langu bomani. Watu hawakuniita tena Gumegume. Reli ilipofika nikapewa nafasi ya kufuatana na mahema kwenda magharibi, kupanga visanduku vipya. Nilikataa, nikabaki kwa shangazi, baadaye nikajifunza useremala, na huo ndio ulionilisha mpaka uzee. Nilikutana na Hawa mara nyingi sokoni akishuka na maharage na ndizi. Alinisalimu kila mara, akanipunguzia bei, akanialika harusi za wanawe. Jiwe hatukulitaja hata siku moja, wala mimi sikupata ujasiri wa kumuuliza walipanda vipi mwaka ule.

Nimeuliza mwezi uliopita, tulipokwisha kumzika. Binti yake, ambaye ndiye aliyekuwa mgongoni siku ile na sasa ni bibi mwenye mvi, alikuwa ananimiminia maji ya kunawa. Akaniambia kwamba mwaka ule mama yake alikwenda shambani akakaa pembeni mpaka jua likawa kali, kisha akaomba kijinga cha moto jikoni kwa jirani. Siku hizi siku ya kwanza ya kupanda wanawasha kwa kiberiti cha dukani, na wasichana wa ukoo hawajui kwamba palikuwa na namna nyingine. Mimi nami, tangu mwaka ule, mtu akiniuliza jambo namjibu hilo aliloliuliza, kisha nanyamaza.